Sumu Gani? Ditoksi ya Siku Saba Iliyoishia Kitangari

Ukipita mabwenini kwetu wiki ya kwanza baada ya bumu kuingia, utakuta watu wa aina tatu: wanaokula kuku, wanaolipa madeni, na wanaonunua ditoksi. Kuna pakiti za majani, chupa za juisi ya kijani, unga wa kuchanganya na maji ya uvuguvugu. Vyote vinaahidi kitu kimoja, kuondoa sumu mwilini. Unaambiwa tumbo litapungua, ngozi itang'aa, uchovu utakwisha, na hata kichwa cha kusomea kitarudi. Tangu nitoke kwenye mazoezi ya kufundisha, wenzangu wengi wamekuwa wakiniuliza: hivi inafaa kujaribu, au tunaliwa hela?

Nijibu mapema ili mwenye haraka aende zake. Haifai. Ila najua jibu la mkato namna hiyo halimsaidii mtu ambaye mwenzake wa chumbani amepungua kilo tatu kwa wiki moja na anamwona kwa macho yake. Kwa hiyo naomba nieleze nilivyofika hapo, maana mimi mwenyewe nilinunua, nikanywa, na kibaya zaidi, nikauza.

Siku ya tatu

Mwaka jana mwezi wa saba nilipangiwa mazoezi ya kufundisha Kitangari, wilayani Newala. Nilifurahi, kwa sababu Bibi mzaa mama anaishi hukohuko na nisingehangaika na chumba. Kabla ya kusafiri nilinunua pakiti mbili za ditoksi kwa mwanachuo mwenzetu, Sh 45,000 kila moja. Ukinunua mbili unahesabiwa wakala. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili nilimuuzia mama mdogo anayeishi Masasi. Yeye ana kisukari, na kwenye tangazo kisukari kilikuwa cha tatu katika orodha ya magonjwa "yanayoletwa na sumu". Nilimuuzia kwa bei niliyonunulia, nikajiona nimemfanyia wema.

Masharti yalikuwa hivi: siku saba, chai ya majani yale asubuhi na usiku, maji lita nne, juisi ya limao na tangawizi, tango na tikiti maji. Ugali marufuku, na vilevile wali, nyama, samaki, mayai na maharage.

Aliyewahi kuishi uwanda wa Makonde ameshaona tatizo la kwanza. Lita nne za kunywa na safari saba za chooni kwa siku, mwezi wa saba, kwenye nyumba ambayo maji yanahesabiwa kwa dumu! Bibi aliniangalia siku mbili bila kusema kitu. Chakula chake nilikuwa nakirudisha, nasingizia kwamba nimekula shuleni.

Siku ya tatu, kipindi cha nne, nikiwa kidato cha pili naandika ubaoni, ubao ulianza kunikimbia. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, wanafunzi wawili wa kike wananipepea na daftari langu la maandalio ya somo. Mmoja alikuwa analia. Nilipelekwa zahanati kwa bodaboda, nimeshikiliwa katikati kama gunia la korosho.

Nesi alinipima presha, ikawa chini. Akaniuliza nimekula nini, nikamwonyesha pakiti. Aliigeuza nyuma, akasoma maandishi madogo ambayo mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu ninayesomea kufundisha baiolojia, sikuwahi kuyasoma.

"Sena," akasema. "Hii ni sanamaki, mwalimu. Umekunywa haluli siku tatu na hujala."

Jioni nilipomsimulia Bibi, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa ulikuwa unatoa nini?"

"Sumu, Bibi."

"Sumu gani?"

Nilikaa kimya. Sikuwa na jina hata moja.

Ndani ya pakiti kulikuwa na nini

Tuanze na hiyo sanamaki. Bibi anaijua, na bibi wa msomaji wa Tanga au Unguja huenda anaijua kuliko wangu. Ni majani ya mmea wa sena, dawa ya kuharisha iliyotumika pwani yetu muda mrefu kabla chuo chetu hakijajengwa. Wazee walikuwa na haluli kadhaa: sanamaki, mafuta ya mnyonyo, chumvi ya haluli. Sena ni dawa ya kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kazi yake ni kumsaidia mtu aliyefunga choo.

Inafanyaje kazi? Ukiimeza, inapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya jambo kubwa. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanaivunja, na kinachotokea kinauchochea utumbo ujikaze na kuzuia maji yasirudi mwilini. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili unakimbilia chooni. Ndiyo maana wauzaji wanasema unywe usiku.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, chakula huwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla sanamaki haijaanza kazi. Kwa hiyo haipunguzi mafuta ya mwilini hata kidogo, inachotoa ni maji, chumvichumvi na kinyesi ambacho kingetoka chenyewe. Pili, ukiendelea nayo siku nyingi, unapoteza madini ya potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosaidia misuli kujikaza, ukiwemo moyo. Ndiyo sababu inashauriwa isitumike zaidi ya wiki moja bila ushauri wa mtaalamu, na hapo tunazungumzia mgonjwa wa choo kigumu anayekula kama kawaida, siyo mtu anayeshindia tango.

Muuzaji atakuambia kwamba ule mharo ndio ushahidi, uchafu wa miaka unatoka. Hiyo imani ina umri mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba chakula kinaoza tumboni na kuusumisha mwili. Mpasuaji mmoja maarufu wa London, William Arbuthnot Lane, alifika hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana ili kuwaondolea hizo sumu. Kufikia miaka ya 1920 watafiti walishaonyesha kosa liko wapi. Waliwajaza watu wenye afya pamba kwenye njia ya haja kubwa, na watu hao wakapata kichwa kizito na uchovu uleule uliodaiwa kuletwa na sumu. Pamba haina sumu. Ni kule kujaa tu. Madaktari wakaachana na nadharia hiyo, lakini biashara haikuachana nayo.

Mwaka 1976 Mmarekani Stanley Burroughs alichapisha kitabu cha ditoksi ya limao, pilipili na sharubati, siku kumi bila chakula. Mwaka 2006 mwanamuziki Beyoncé aliitumia kujipunguza kwa ajili ya filamu, na dunia nzima ikataka kujaribu. Limao na tangawizi ulizouziwa bwenini ni wajukuu wa kitabu hicho.

Ini na figo hawangoji wiki ya ditoksi

Swali la Bibi waliwahi kuliuliza pia wanasayansi vijana wa Uingereza. Mwaka 2009 kikundi kilichoratibiwa na shirika la Sense About Science kilichukua bidhaa 15 zilizoandikwa ditoksi na kuwauliza watengenezaji: sumu gani inatolewa, na ushahidi uko wapi? Hakuna aliyetoa ushahidi wa kueleweka, na hakuna kampuni mbili zilizotoa maana moja ya neno lenyewe. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Australia, Klein na Kiat, walipitia tafiti zote walizoweza kuzipata. Hawakukuta hata jaribio moja lenye ulinganisho wa bahati nasibu lililopima kama ditoksi zinazouzwa madukani zinafanya kazi kweli.

Linganisha na hospitali. Mtu akiletwa amekunywa dawa ya kupulizia mashamba, daktari anauliza kwanza: amekunywa nini? Tiba inategemea jina. Kuna sumu zinazotibiwa kwa atropini, kuna zinazodakwa na mkaa maalumu, kuna zinazohitaji damu isafishwe kwa mashine. Hakuna daktari anayetibu "sumu" kwa ujumla.

Sasa kwa mtu mzima, mwenye ini na figo zinazofanya kazi, nani anaondoa taka? Ini lako lina uzito wa kama kilo moja na nusu, na damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita hapo kwanza kabla ya kwenda kwingine. Ini linabadilisha vitu vyenye madhara viwe vya aina inayoweza kutoka kwa mkojo au kwa nyongo. Figo zinachuja kama lita 180 za majimaji kila siku, kisha zinarudisha karibu yote na kukuachia lita moja au mbili za mkojo. Mapafu yanatoa hewa ya kaboni. Jasho, pamoja na sifa zote tunazolipa, na nyungu zote tulizojifukiza mwaka 2020, kazi yake kubwa ni kupoza mwili. Ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa.

Kazi hii inafanyika usiku na mchana, ukiwa darasani, ukiwa umelala, hata ukiwa unakula chipsi mayai saa sita usiku. Ila ina mahitaji yake, na hayo nilifundishwa na makopa ya Bibi.

Sumu ya Kitangari ina jina

Wiki ya pili nilianza kula na kumsaidia Bibi kazi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makopa, mihogo iliyomenywa na kuanikwa juani. Mihogo michungu. Huku watu wanaipenda kwa sababu inavumilia ukame, na nguruwe na nyani hawaigusi ovyo. Wana sababu ya kutoigusa, maana ndani yake kuna linamarini, kitu ambacho kikivunjika kinatoa sianidi.

Hiyo ndiyo sumu yenye jina. Muhogo ukipondwa, ukikwanguliwa au ukilowekwa, kimeng'enya kilichomo kwenye muhogo wenyewe kinakutana na linamarini na kuivunja, halafu sianidi inatoka kama gesi na kupotelea hewani. Kuloweka siku tatu ndiko kunakotoa nyingi zaidi. Kuanika mapande makubwa juani hutoa kidogo, kwa sababu muhogo unakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Lakini kuloweka kunahitaji maji, na maji huku ndiyo shida yenyewe.

Mwaka mzuri mambo huenda. Ukame ukija, mihogo inazidi uchungu, chakula kingine kinaisha, na njaa inawafanya watu wafupishe kazi ya kuandaa. Mwaka 1988, wakati wa ukame, wilaya ya Masasi ilipata mlipuko wa watu kudhurika kwa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Kati ya walioandika juu yake ni mtafiti Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata konzo. Konzo ni kupooza miguu kwa ghafla kusikopona. Jina limetoka Congo kwa Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Tarime waliipata mwaka 1985, na ng'ambo ya Ruvuma, huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 iliwapooza watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na kina mama.

Sasa sikiliza hapa, mwanachuo mwenzangu, kwa sababu ndipo ditoksi yangu ilipoanguka. Mwili una njia yake ya kuondoa sianidi. Ini linaichukua, linaiunganisha na salfa, na kuigeuza kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Hiyo salfa inatoka wapi? Inatoka kwenye protini: mayai, samaki, dagaa, nyama, kunde, mbaazi. (Salfa ya kwenye mfuko wa mkulima wa korosho siyo hiyo, tafadhali, usije ukailamba.) Konzo iliwapata zaidi watu waliokula muhogo mchungu siku baada ya siku bila kitoweo. Sumu ilikuwepo, ini lilikuwepo, ila malighafi ya kufanyia kazi haikuwepo.

Na pakiti yangu iliniambia nifanye nini? Niache mayai, samaki, nyama na maharage. Kwa jina la kuondoa sumu nilikuwa nalinyima ini kitu ambacho huondolea sumu. Na siyo sianidi peke yake, ini hutumia vitu vinavyotokana na protini kushughulikia kemikali nyingine pia.

Nilipomweleza Bibi hayo ya salfa na protini, alisema kwamba hata wao waliambiwa tangu utotoni: ugali wa muhogo mchungu hauliwi mkavu. Hakujua kemia yake. Mimi ninayejua kemia nilikuwa nakunywa maji ya tango.

Jambo jingine nililojifunza kwenye makopa ni wapi sumu inaondolewa. Inaondolewa kabla haijafika mdomoni. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, aliandaa njia rahisi ya kuongezea usalama, na ilifundishwa hata kwetu kusini: unga wa muhogo unachanganywa na maji uwe na unyevu, unatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu unapika ugali siku hiyohiyo. Maji yanayotumika ni machache. Haihitaji pakiti wala wakala.

Na salfa yenyewe, ile ya mikorosho? Mwezi wa saba ni msimu wa kupuliza dhidi ya ubwiri unga, alfajiri kuna ukungu wa njano kila upande, macho yanawasha na watu wanakohoa. Huku wanasema ukimaliza kupuliza unywe maziwa, yanatoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaingia tumboni, na vumbi la salfa limeingia machoni na kwenye mapafu. Kinachokinga ni kufunika pua na mdomo, kuvaa mikono mirefu, kuangalia upepo unakoelekea, na kuoga na kufua ukirudi. Ni somo lilelile la muhogo.

Mbona watu wanapungua na kujisikia vizuri?

Hili ni swali la haki, na sitaki kuwaita wenzangu waongo. Wanapungua kweli.

Ukiacha kula, mwili unatumia kwanza akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli. Kila gramu ya akiba hiyo imehifadhiwa pamoja na kama gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji yake yanatoka. Ongeza kinyesi kilichofukuzwa na sanamaki, na mizani inasoma kilo mbili au tatu pungufu. Ukirudi kwenye wali maharage, akiba inajazwa, maji yanarudi, kilo zinarudi. Mimi zangu zilirudi ndani ya siku tano. Muuzaji atakuambia sumu zimerudi, nunua tena.

Kujisikia mwepesi nako kuna sababu. Wiki hiyo hukunywa soda, bia wala enaji, hukula chipsi, ulilala mapema kwa sababu huna nguvu ya kukesha, na ulikunywa maji. Hayo yote ni mazuri, na yote ni bure. Ukiyafanya bila pakiti utapata nafuu ileile na utabaki na Sh 45,000. Kwa bei niliyokuta Kitangari hizo ni karibu trei nne za mayai.

Wengine wananiuliza kuhusu funga. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima anafunga kwa ibada, ana daku au mlo wa jioni, na mgonjwa ameruhusiwa kutofunga. Ditoksi haina hata huruma hiyo.

Mwili ukitetemeka

Usiku ule niliotoka zahanati, neno moja la nesi halikunitoka. Alikuwa ameniuliza, "Huna kisukari wewe?" Nikasema sina. Akasema, "Afadhali." Saa mbili usiku ndipo nikamkumbuka mama mdogo.

Nilimpigia. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Ninaendelea vizuri, mwanangu. Leo siku ya pili. Natokwa jasho sana na mikono inatetemeka. Nadhani sumu zinatoka."

Aliyasema hayo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi niliyomtumia: ukitetemeka, ukitoka jasho, ukiumwa kichwa, usiogope, ni sumu zinatoka, endelea. Nilimuuliza kama amekula. Hajala tangu jana yake. Vidonge vyake vya kisukari je? "Hivyo nameza kama kawaida." Vidonge vyake ni vya aina inayolisukuma kongosho litoe insulini. Ukivimeza usipokula, vinaendelea kushusha sukari tu. Jasho na mtetemeko ni dalili za sukari kushuka, na sukari ikishuka zaidi mtu anapoteza fahamu, anaweza kufa usingizini.

Nilipiga kelele mpaka Bibi akaja. Nikamwambia mama mdogo achukue sukari, vijiko vitatu, achanganye na maji, anywe sasa hivi nikiwa kwenye simu, halafu ale chochote kilichopo jikoni. Nilimsikia akimwita mwanaye. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Baada ya robo saa sauti yake ikaanza kuwa ya kwake. Usiku huohuo alipelekwa hospitali, na asubuhi alikuwa mzima.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mimi nilijua wewe umesoma." Hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Wazazi na ndugu zetu hawanunui kwa sababu ya tangazo, wananunua kwa sababu mtoto wao wa chuo kikuu kasema.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu, au hujatumia mwenyewe, jua nani yuko hatarini zaidi. Mwenye kisukari anayetumia dawa, kama mama mdogo. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au presha. Mjamzito na anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo. Anayetumia dawa za kila siku, kwa sababu ukiharisha sana dawa inaweza kupita kabla haijafyonzwa. Na hapa niwaambie dada zangu waziwazi: hata vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kushindwa kufanya kazi ukiharisha sana.

Msidhani pia kwamba cha asili hakina madhara. Muhogo mchungu ni wa asili. Mbilimbi nao ni wa asili, na kwenye achari hauna neno. Lakini huko Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya mbilimbi kama dawa. Mmea ni uleule, tofauti ni kiasi. Karanga na mahindi yenye ukungu nayo ni ya shambani, na sumukuvu iliyomo ni adui wa ini hasa. Zichambue, zilizoota ukungu zitupe. Hapo utakuwa umelisaidia ini kuliko chupa yoyote ya kijani.

Ufanye nini basi

Ukiambiwa juu ya ditoksi, uliza maswali matatu. Sumu gani, kwa jina? Inatoka kwa njia gani, na imepimwaje? Kuna nini ndani, na imesajiliwa wapi? Dawa za hospitali zinasimamiwa na TMDA, na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Muuzaji akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Kama umefunga choo, kula papai, mboga za majani, maharage, kunywa maji na tembea. Ikishindikana nenda famasi au zahanati, utapewa dawa na kipimo chake. Ukiwa na uchovu usioisha, macho ya njano, mkojo mweusi au uvimbe wa miguu, hapo ini au figo huenda zina shida kweli, na pa kwenda ni hospitali, siyo kwa wakala. Na kama umeshaharisha kwa ajili ya ditoksi, acha, kunywa ORS. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kuhusu pakiti niliyobakiza, Bibi alikataa nisiitupe, eti sanamaki nzuri hiyo, jirani akifunga choo itamfaa. Tukaitoa kwenye karatasi yake ya kung'aa, akaiweka kwenye kopo la zamani la majani ya chai na kunitaka niandike juu yake. Nimeandika neno moja, haluli. Hela ya mama mdogo nimeanza kumrudishia kidogokidogo. Bado nadaiwa Sh 15,000, nasubiri bumu.